Kinywa cha Muoshaji

Miaka yote niliyomjua, hakununua dukani mwangu kitu kingine ila kitambaa cheupe. Aliingia asubuhi, akaweka kofia yake juu ya meza yangu, na kabla hajasema neno nilijua kwamba kuna mtu amelala mahali fulani hapa Kampemba na hataamka tena. Sikumwuliza ni nani. Alinionyesha urefu kwa mikono yake, nikapima, nikakata, akaenda. Akileta mikono karibu-karibu, ni mtoto, na siku hiyo hatukutaniana.

Tulimwita Muoshaji. Jina alikuwa nalo, lakini halikuwa na kazi. Mkate wake ulitoka kwenye kuchomelea milango ya chuma na vyuma vya madirisha, na nusu ya nyumba za barabara yetu zimefungwa na mikono yake. Lakini hakuna aliyemwita fundi. Aliosha maiti wanaume wa msikiti wao, watu wa Maniema na wale ambao babu zao walitoka pwani, na hiyo haikuwa kazi ya kulipwa. Ilikuwa dhamana.

Mimi ni Mkatoliki, baba yangu alifanya kazi ya reli. Sikusoma. Nilifika darasa la tatu, mwalimu akanifukuza, nikashukuru. Duka hili nililianza na kitambaa kimoja nilichokibeba begani toka lupango moja hadi nyingine, ua hadi ua. Leo lina milango miwili, na milango hiyo ni ya Muoshaji. Sipendi mtu anayezungusha maneno. Nitamsema kama alivyokuwa, uzuri wake wote na lile jambo moja lililomshinda.

Alikuwa mtu wa kelele. Unamfikiria muoshaji wa maiti, unaona mtu mpole, macho chini, tasbihi mkononi. Huyu alicheka mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Aliimba vibaya akichomelea, na miwani yake ya kazi ilikuwa na kioo kimoja tu, jicho lingine alilifunga. Kwenye karamu alikuwa anawapima watu kwa macho. Mara moja, harusini, alisimama mbele ya mtu mnene aliyekuwa anakata bonge lake la tatu la bukari, ugali wetu.

"Weye, punguza," akamwambia. "Siku yako utatusumbua. Tutalomba kamiyo ya kukubeba."

Watu walicheka, na yule mnene alicheka pia, lakini lile bonge alilirudisha sahanini.

Na mtu huyu aliyewavua nguo wanaume wa msikiti mzima, yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona mgongo. Mwezi wa kumi, jua linapochoma mabati na sisi wote tumekaa na singleti, yeye amefunga vifungo mpaka shingoni. Nilimtania kwa hilo.

"Hata bibi yako wa ndoa anakujua?"

"Anajua sura," akasema. "Ile ingine anasikiaka tu habari."

Alikula haraka, kama mtu anayeitwa. Hakula mbele ya mgonjwa. Akiingia nyumba yenye mgonjwa alivua kofia na kuificha mfukoni, kwa sababu wagonjwa wakiiona ile kofia nyeupe walishtuka. Mzee mmoja aliyekuwa anaumwa kifua alimfukuza kwa fimbo: "Toka! Bado! Nitakuita miye mwenyewe!" Muoshaji alirudi kesho yake na samaki wa kukausha, akamkabidhi mke wa mzee mlangoni, akaenda bila kuingia.

Lakini kilichomfanya aheshimiwe ni kinywa chake. Kwao, anayeosha maiti anaosha chini ya kitambaa, mkono wake umefungwa kitambaa, na chochote atakachokiona kwenye mwili ule anakifunika hapa duniani ili naye afunikwe huko mbele. Kovu, jeraha, ugonjwa wa aibu, hasemi. Waoshaji wengine husema kidogo, kwa mke, usiku kitandani. Yeye hapana. Siku moja polisi walikuja kwenye karakana yake kutaka kujua kama marehemu fulani alikuwa na alama ya kipigo.

"Mikono yangu haina macho," akawajibu.

Walimkalisha juani mpaka alasiri. Akakaa. Walipochoka walimwachia, akarudi kuchomelea kama mtu aliyetoka kununua makaa.

Mjane akimwuliza, "Alikuwa namna gani, Muoshaji?", yeye alikuwa na neno lake moja tu: "Mama, maji ikishamwangika, hatuiulizake." Na kwa kuwa hakusema ya wafu, walio hai nao walimletea yao. Mwenye deni, mwenye mtoto nje ya ndoa, mwenye ugonjwa ambao mke asijue, wote walikaa kwenye kile kibao chake cha chuma wakanong'ona. Yeye alichomelea juu ya maneno yao, cheche zikaruka, maneno yakaishia hapo. Nilimwonea wivu. Mimi siri nikipewa asubuhi, mchana imefika sokoni.

Kaka yake alikuwa wa namna nyingine. Mrefu, mwenye maringo, mwenye kamiyo, lori kubwa, iliyokwenda Kasenga kuleta samaki. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa alimzalia Saidi na wadogo zake, mdogo hakuzaa. Ghafla mwanamume yule akaanza kukonda. Suruali ikafungwa kwa kamba, tumbo likavimba, uso ukawa wa majivu. Alikufa nyumbani kwa mke mdogo, baada ya kula kwa mke mdogo. Basi, unajua watu wetu. Hata maji ya kumwosha hayajachemka, neno lilikuwa limezunguka: sumu.

Muoshaji alimwosha yeye mwenyewe. Arobaini ilipokwisha, jamaa walikaa baraza, mimi nikiwa hapo kama jirani. Mkubwa wao alimgeukia: "Weye ulimuosha. Uliona nini?"

Alivua kofia yake, akaiweka gotini. Halafu akasema lile neno lake, "Maji ikishamwangika, hatuiulizake."

Ndipo mama mmoja wa jamaa akapiga yowe, na wote wakasimama. Maana walimjua. Walisema: kama ingekuwa ugonjwa wa Mungu, angesema hapana, sikuona kitu. Amefunika, basi kuna cha kufunika. Siku hiyohiyo vyombo vya mke mdogo vilitupwa barabarani, masufuria, godoro, picha ya harusi. Alipanda gari akaenda Kasomeno, na mpaka leo anapikia madereva pale kwenye kituo. Saidi, aliyerithi kamiyo ya baba yake, alipita Kasomeno kila juma bila kusimama. Alikuwa analala njaa kuliko kula chungu cha yule mwanamke.

Na Muoshaji akarudi kuchomelea, akacheka kama zamani, isipokuwa alianza kumpenda Saidi kupita kiasi. Kila Saidi akirudi safari, lazima apite kwanza kwa baba mdogo wake. Alimfundisha kuosha maiti. Alisema, "Huyu njo atanifunika miye," yaani huyu ndiye atakayemwosha.

Miaka ikapita. Sasa niseme yangu, kwa sababu bila hiyo haya mengine yasingetokea.

Binti yangu ni muuguzi katika kliniki moja katikati ya mji. Siku moja aliniletea kikopo chenye kifuniko.

"Papa, utanitilia humu kidogo."

"Kidogo ya nini?"

"Ya choo."

"Weye! Mutoto minasomesha mpaka kule juu, unarudi kulomba mavi ya baba yako?"

"Njo kazi yangu, Papa. Kesho asubui nitachukua. Na usitie maji."

Nilikuwa siumwi popote. Nilitia ili aniache. Wakakuta damu ambayo macho yangu hayajawahi kuiona. Wakaninywesha dawa ya kusafisha tumbo, siku ile sikutoka chooni, na kesho yake wakaniingiza kwa nyuma mpira mwembamba wenye kamera. Ndani ya utumbo mkubwa walikuta kinyama kama uyoga mdogo. Walikikata palepale. Munganga, yaani daktari, alinieleza kwa maneno ya mtu mzima, nikamheshimu: kinyama hiki leo hakiumi, kikiachwa miaka kinaweza kugeuka kansere, na kansere ya utumbo mara nyingi inapoanza kukuuma imekwisha kusafiri. Ndiyo maana wanaitafuta kwa mtu mzima wa afya, kabla. Kisha akaniuliza, "Katika jamaa yenu, nani alikufa na tumbo?" Akasema inaweza kutembea katika damu, mwenye baba au ndugu aliyeipata asingoje uzee, aende mapema.

Nilimwambia kila mtu. Nilimwambia na Muoshaji, siku aliyokuja kwa kitambaa.

Alicheka mpaka akashika meza. "Bakakuingizia televizyo! Na uliona habari gani?"

"Cheka. Lakini weye pia uende."

"Miye? Minavula bantu maisha yangu yote, bao hawaniambie kitu. Leo nivuliwe na mutoto mwanamuke mwenye miwani?"

"Basi ukufwe na suruali yako."

Akacheka tena. Halafu kicheko kikakatika, kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Munganga alisema inatembeaka mu damu?"

"Njo vile alisema. Batoto yangu yote batapimwa."

Aliitwaa kofia yake akatoka. Kitambaa nilichokwisha kukata kilibaki juu ya meza, na marehemu anangoja. Nilimtuma mtu amkimbilie. Miaka yote, sijawahi kumwona akisahau sanda ya mtu.

Sikuelewa. Nilidhani ni woga wa kawaida.

Kumbe damu ilikuwa inamtoka. Aliificha kama alivyoficha mgongo wake. Alisema ni bawasiri, kwa kukaa juu ya chuma baridi. Alisema ni pilipili. Siku alipoanguka karakanani na chuma cha moto mkononi, Saidi alimbeba akampandisha kwenye kamiyo na kumpeleka kwa binti yangu. Nilifika nikakuta wamemaliza kumpima. Mpira na kamera vilikuwa vimeona kila kitu, na picha ya tumbo ilionyesha kwamba ugonjwa umefika mpaka kwenye ini. Munganga hakuzunguka. Akauliza lile swali lake:

"Mu jamaa yenu, iko mutu alikuwa na hii ugonjwa?"

Muoshaji alikuwa amelala, amevutiwa shuka mpaka kidevuni. Saidi amesimama kichwani pake, ameshika viatu vyake.

"Hapana," akasema Muoshaji.

"Baba yenu? Ndugu?"

Saidi ndiye aliyejibu, na kwa hasira. "Kwetu hakuna. Baba yangu alikuwa muntu ya nguvu. Balimupatia sumu."

Munganga aliandika. Mimi nilimwangalia Muoshaji, naye aliangalia ukuta.

Baada ya siku chache aliniita nyumbani. Mkewe alitoka akafunga mlango, na hapo ndipo kile kinywa kilifunguka mara ya kwanza. Kaka yake alikuwa ametoka damu zaidi ya mwaka mzima kabla ya kufa, na mtu pekee aliyeambiwa ni yeye. Walikwenda wawili kwa siri kwa munganga wa mbali. Munganga alisema waziwazi: kansere ya utumbo mkubwa, mmechelewa. Walipotoka nje, kaka alimshika mkono. Mwenye kamiyo, mwenye wake wawili, hakutaka watu waseme ameoza kwa nyuma.

"Aliniambia, 'Hii siri utaniosha nayo.' Nikamuahidi. Na nikamuosha nayo."

Nilisimama. Mimi siyo mtu wa kukaa na jambo kama hilo.

"Na ule mwanamuke? Balimutupia masufuria mu barabara, weye umekaa!"

"Nilikaa."

"Na Saidi? Iko na miaka ngapi? Baba yake, sasa weye. Ile munganga amekuuliza mbele yake, unasema hapana!"

"Nilimuuliza imamu," akasema polepole. "Bila kutaja jina. Alisema aibu njo tunafunikaka. Hatari hatuifunikake."

"Sasa unangojea nini?"

"Imamu hakumuahidi yaya yangu, mukubwa yangu. Nilimuahidi miye."

Nilimwambia hivi, na sijutii: "Sikiliza. Wafu uliowafunika ni wengi, na Mungu atakulipa. Lakini Saidi haujamuosha bado. Usipomuambia weye mpaka ijumaa, nitamuambia miye, na unanijua kinywa yangu."

Alifumba macho. Nilifikiri amelala. Akasema, "Ijumaa ukuwe hapa. Pengine nitashindwa katikati."

Ijumaa Saidi alikuja toka msikitini, na kanzu yake. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kumkanda baba mdogo miguu kama kawaida yake. Muoshaji alimwambia aache. Hakutaka kukandwa wakati wa kusema.

"Baba yako hakukulaka sumu."

Saidi alicheka kidogo, kama unavyomchekea mgonjwa anayeweweseka.

"Alikuwa na hii yangu. Hii moja. Munganga alituambia, yeye na miye, mbele ya kufwa. Alinikataza."

Saidi alinitazama. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Uliyua ile ugonjwa," akasema.

"Niliyua."

"Mu baraza, bale bantu banakuuliza, uliyua?"

"Niliyua, mwanangu."

"Na mama mudogo?"

Muoshaji alifungua kinywa, na hapo kweli akashindwa. Basi nikasema mimi, kwa sauti kubwa, maana kijana alikuwa amesimama tayari kutoka: "Saidi, kasirika, uko na haki. Lakini enda kwanza upimwe. Ile inatembeaka mu damu yenu. Binti yangu anakungoja kesho."

"Miye siumwe."

"Hata miye sikuumwa!"

Akatoka bila kuaga. Alimwachia mzee miguu nje ya blanketi. Niliifunika mimi.

Majuma yakapita, hakurudi. Muoshaji hakulalamika. Aliyeyuka tu. Ule mwili ambao hakuna aliyeuona sasa uligeuzwa na kuoshwa na mkewe, na mimi nikamshika mabega, na aibu ikamwisha kabisa. Jambo moja tu alilouliza kila nilipoingia, kabla hata ya salamu: "Alienda?" Nilimwuliza binti yangu kila jioni. Hakumwona. Nikirudi kwa Muoshaji nilimwambia, "Bado." Kumwambia uongo nisingeweza, angenijua.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa asubuhi, katika ile baridi ya mwezi wa saba, vumbi limelala juu ya kila kitu. Tulisikia kamiyo ikisimama mbele ya lango. Saidi aliingia, akabaki mlangoni. Hakuvua viatu, hakuja kushika mkono.

"Walinipima," akasema. "Kule Kasenga kwanza, halafu hapa, kwenye kliniki ingine. Sikutaka kwenu." Hapo alinitazama mimi. "Walikuta kinyama mbili. Walitosha, walikata yote. Munganga anasema haiyakuwa bado kansere. Nitarudia kila mara, na badogo yangu nao batapimwa."

Muoshaji alishika mkono wangu. Sijui nguvu ile aliitoa wapi.

"Aksanti," akasema. "Sasa hata usiponisamehe, sawa."

Saidi hakusema amesamehe, wala hapana. Alisema, "Mama mudogo iko mu kamiyo. Nilimuleta. Anakatala kushuka."

Sikumaliza kusikia, mgonjwa alikuwa anajaribu kutoa miguu kitandani. Nilimwambia alale. Hakunisikia. Mwisho nilileta kiti, nikamfunga blanketi, na mimi na Saidi tukambeba, kila mmoja upande wake. Alikuwa mwepesi kama kiti chenyewe. Tulipita lango, lile alilolichomelea kwa mkono wake, tukamweka chini barabarani, karibu na gurudumu la mbele.

Mwanamke alikuwa amekaa mbele, juu, kioo kimeshushwa. Amezeeka kwa moshi wa Kasomeno. Majirani walianza kutoka. Aliangalia chini kwenye kile kiti. Nafikiri alikuwa anamtafuta, humo ndani ya blanketi, yule mtu aliyekuwa anacheka mpaka kuku wanakimbia.

Muoshaji alijaribu kuinua sauti ili barabara nzima isikie.

"Mama. Haukumupatia kitu. Ilikuwa ugonjwa. Niliyua. Miye niliyua."

Majirani walisogea karibu. Wengine walikuwepo siku ile ya masufuria.

Mwanamke alivuta kitambaa chake mabegani. Hakufungua mlango. Akamwambia Saidi, siyo Muoshaji, kwa sauti ya mtu aliyechoka safari:

"Murudisheni ndani. Iko baridi."